Tupeane uzoefu: simu za Windows zilivyoingia na kutoka mikononi mwetu

Mkazi wa Area D

Ndugu zangu, salaam. Nafungua uzi huu kwa sababu ya swali aliloniuliza mpwa wangu wiki iliyopita tulipokuwa tumekaa Nyerere Square. Kijana amemaliza masomo ya kompyuta na anataka kutengeneza programu ya kuwasaidia wakulima wa zabibu wa Hombolo kujua bei na kupatana na wanunuzi kabla mzigo haujaanza kuharibika. Akaniuliza, mjomba, kampuni kama Microsoft, ambayo mfumo wake umo karibu katika kila kompyuta ya ofisi hapa mjini, ilishindwaje kwenye simu? Nilianza kumjibu, nikakwama njiani, na hali mimi mwenyewe nilitumia Lumia, simu ya Nokia yenye mfumo wa Windows, kwa miaka mitatu.

Niweke kwanza yale yanayojulikana ili tusibishanie tarehe. Microsoft haikuwa mgeni kwenye simu. Kabla iPhone haijatoka mwaka 2007 ilikwishakuwa na Windows Mobile, mfumo ambao mara nyingi ulitumiwa kwa kijiti cha kugusia kioo na ambao ulilenga watu wa ofisini. iPhone ilipokuja na kioo cha kugusa kwa kidole, na Android ikafuata mwaka 2008 bila kuwatoza watengenezaji wa simu ada ya leseni, Microsoft iliamua kuuacha mfumo ule na kuanza upya. Windows Phone 7 ikatoka mwishoni mwa mwaka 2010, na vile vigae vyake vya rangi vilivyokuwa vikigeuka vyenyewe. Tarehe 11 Februari 2011, mjini London, Steve Ballmer wa Microsoft na Stephen Elop wa Nokia, ambaye alikuwa ametoka Microsoft mwaka uliotangulia, walitangaza kwamba Nokia itahamia kwenye mfumo huo. Naona hapo ndipo mkakati wote ulipoegemea: Microsoft ilikuwa na mfumo lakini haikuwa na simu, na Nokia ilikuwa na simu na jina, hasa huku kwetu ambako mtu akisema Nokia alikuwa amesema simu, lakini mfumo wake wa Symbian ulikuwa umeshapitwa.

Yaliyofuata mnayajua. Mwaka 2012 ilikuja Windows Phone 8, iliyojengwa juu ya msingi mwingine kabisa, na simu za Windows Phone 7 hazikuweza kupandishwa kuifikia, hata Lumia 900 iliyokuwa na miezi michache tu sokoni. Septemba 2013 Microsoft ilikubali kuinunua idara ya simu ya Nokia kwa euro bilioni 5.44, na ununuzi ukakamilika Aprili 2014. Julai 2015 ikafuta katika vitabu vyake, yaani ikazihesabu kuwa hasara, dola bilioni 7.6 zilizotokana na ununuzi huohuo na kutangaza kupunguza wafanyakazi 7,800. Januari 2020 huduma ya Windows 10 Mobile, toleo la mwisho la mfumo huo wa simu, ikafungwa.

Naomba sasa kila aliyezitumia, aliyeziuza, aliyezifungua au aliyeziandikia programu aeleze alichokiona kwa macho yake. Sababu za vitabuni ninazo. Ninachohitaji ni sababu za hapa kwetu.

Fundi wa karibu na Soko la Majengo

Mkuu, umenikumbusha mbali. Mimi nitasema ninayoyajua kwa vidole vyangu. Lumia 520, iliyotoka mwaka 2013, ilikuwa simu ya fundi. Ganda lake la nyuma halikuwa kifuniko chembamba kama cha simu nyingine, bali lilikuwa kipande kimoja kilichokumbatia pande zote, hata vitufe vya pembeni vilikuwa kwenye ganda lenyewe. Ulikuwa unaibonyeza kamera kwa kidole gumba huku ukilivuta ganda kwa kucha, na simu inachomoka mzima mzima kama karanga kwenye ganda lake. Likikwaruzika, mteja ananunua ganda lingine la njano au jekundu na anaondoka na simu mpya machoni mwa watu. Betri yake ilikuwa BL-5J, ileile ya Nokia 5230 na 5800 za zamani, kwa hiyo hakuna mteja aliyewahi kurudi nyumbani bila betri.

Kazi iliyonishinda ilikuwa nyingine. Kuanzia mwaka 2015 hivi walianza kuja watu wenye simu nzima, kioo hakina hata ufa, wakisema, "Fundi, nitolee hii Windows uniwekee Android." Mzee mmoja muuza zabibu alikuja mara mbili kwa ombi hilohilo. Kila mara nilimweleza kwamba mlango wa simu ile umefungwa tangu kiwandani na mimi sina ufunguo wake. Mara ya pili aliiweka mezani, akaniambia nimpe chochote. Nilimpa bei ya kioo tu, maana ndicho kitu pekee nilichokuwa na uhakika wa kukitumia.

Mwalimu Kondoa

Shikamooni wakubwa zangu. Mimi ni mwalimu wa sekondari, na naomba niitetee simu ile kidogo, kwa sababu naona watu huizungumzia kana kwamba ilikuwa mbovu, na haikuwa hivyo.

Lumia yangu ilikuja na Word na Excel ndani yake bila malipo. Miaka ile kompyuta ya shule ilikuwa moja, nayo ilikaa ofisini kwa mkuu. Alama za wanafunzi wa kidato cha pili nilikuwa nazijaza kwenye Excel nikiwa nyumbani jioni, umeme ukiwepo au usiwepo, na asubuhi nilikuwa naituma faili kwa mwalimu wa taaluma. Ramani zake pia ulikuwa unazipakua mara moja, kisha unazitumia bila kifurushi, na nilipopelekwa kusimamia mitihani katika kata nisiyoijua ilinifikisha. Kuhusu fedha, sikuhitaji programu yoyote, kwa kuwa *150*00# ya M-Pesa inafanya kazi hata kwenye kitochi. Kwa hiyo kwa miaka kadhaa sikuona pengo lolote.

Pengo lilianza kidogokidogo. Kwanza benki yangu ilitoa programu ya simu, nikaitafuta kwenye duka la programu nisiikute. Nilipokwenda kuuliza tawini, dada wa mapokezi aliniambia kwamba programu ipo kwa simu "za kawaida". Neno hilo liliniuma, nikatoka nimeishika simu yangu kama kitu cha ajabu. Kisha WhatsApp ikatangaza kwamba ifikapo tarehe 31 Desemba 2019 haitahudumia tena simu za Windows. Wakati huo ratiba za vikao, michango ya misiba na taarifa za ofisi ya elimu zilikuwa zikipita kwenye makundi. Mtu asiye kwenye kundi alikuwa kama hayupo kituoni. Nilinunua Android ya bei ndogo wiki ya Krismasi, nikiwa kwenye maandalizi ya kusajili laini kwa alama za vidole kabla ya tarehe ya mwisho ya Januari. Sikuweza kuhamisha mazungumzo ya zamani, na humo yalikuwamo maneno ya sauti ya marehemu mama yangu.

Mkazi wa Area D

Pole sana, Mwalimu. Asante kwa kutushirikisha hilo.

Mfanyabiashara Kibaigwa

Laini mbili. Mengine yote yanafuata baadaye.

Niliuza simu miaka ile kwenye fremu moja hapa, wakulima wanaposhusha mahindi sokoni na fedha ipo mkononi. Mkulima ana laini ya mtandao unaoshika kijijini kwake, na laini nyingine ya mtandao ambao wanunuzi wake wanautumia kutuma fedha. Swali lake la kwanza halikuwa mfumo wala kamera. Alikuwa anauliza, "Inaingia laini ngapi?" Tecno ilikuwa na jibu hilo tangu zamani. Lumia 520 ilikuwa ya laini moja, na Nokia haikuleta Windows ya laini mbili hadi Lumia 630 ya mwaka 2014. Nilikuwa namwonyesha mteja vile vigae, anatabasamu, anaisifu, anairudisha kabatini na kuchukua ile ya pembeni yake. Watu waliopanga mkakati ule walijua bei ya simu ambayo mtu wetu anaiweza, lakini hawakujua anavyoitumia.

Jambo la pili ni ada ya leseni. Aliyetengeneza simu ya Windows alipaswa kuilipa Microsoft kwa kila simu, hadi Aprili 2014 walipoifuta kwa vifaa vyenye kioo chini ya inchi 9. Kufikia hapo watengenezaji wa simu za bei ya chini walikuwa wameshajipanga kwenye Android, na kabati langu lilikuwa limejaa wao.

Msanidi, mhitimu wa UDOM

Nakubaliana na mfanyabiashara kuhusu laini mbili, ila naomba kuongeza upande wa sisi tunaoandika programu, kwa sababu swali la mpwa wa mleta mada linatuhusu moja kwa moja.

Chuoni nilijifunza C#, lugha ya Microsoft yenyewe, na niseme kweli kwamba vifaa vyao vya kuandikia programu vilikuwa vizuri kuliko vya Android ya wakati ule. Mtu angetarajia niandike kwa ajili ya Windows Phone. Mwaka 2014 nilipata kazi ya kutengeneza programu kwa ajili ya SACCOS moja ya hapa Dodoma, wanachama waweze kuona akiba na mikopo yao. Mwenyekiti alitaka iwe kwenye Windows, kwa kuwa yeye alikuwa na Lumia nzuri sana. Kabla ya kukubali niliomba nihudhurie mkutano mkuu, nikakaa mlangoni karibu na daftari la mahudhurio, na kila mwanachama aliyesaini nilimwomba anionyeshe simu yake. Wengi walikuwa na vitochi. Waliobaki walikuwa na Android. Simu za Windows zilikuwa mbili tu, ya mwenyekiti na ya mhasibu.

Nilirudi na mapendekezo ya kuanza na ujumbe mfupi kwa wenye vitochi, kisha Android, na Windows iwe ya mwisho fedha ikibaki. Haikubaki. Mwenyekiti alilipokea hilo kwa uungwana, lakini nadhani duniani kote, kila siku, kulikuwa na mtu kama mimi aliyehesabu simu mlangoni na kufikia uamuzi uleule. Watu hawakununua Windows kwa sababu programu hazikuwepo, na sisi hatukuandika programu kwa sababu watu hawakununua. Microsoft ililijua tatizo hilo na ilijitahidi, hata mwaka 2013 ikajitengenezea yenyewe programu ya YouTube, nayo Google ikaizuia. Pamoja na hayo, kila walipobadilisha msingi wa mfumo, kutoka 7 kwenda 8, kisha kwenda 10, msanidi alilazimika kujifunza na kuandika upya sehemu ya kazi yake. Ukiwa na watumiaji wengi unaweza kumwomba msanidi aanze upya. Wao walikuwa wachache, na bado waliomba.

Mtumishi, Mtumba

Nimesoma yote kwa makini. Naomba nitofautiane kidogo na mnaosema kampuni ilishindwa kwenye simu. Simu yake ilishindwa, ndiyo. Lakini Satya Nadella alishika uongozi Februari 2014, na mwezi uliofuata tu Office ikatoka kwa ajili ya iPad, kifaa cha mshindani. Leo hapa ofisini barua pepe zangu zinafunguka kwa Outlook kwenye Android, nyaraka nazihariri kwa Word nikiwa kwenye gari kati ya Mtumba na mjini, na faili ziko OneDrive, hifadhi ya mtandaoni ya Microsoft hiyohiyo. Hata Surface Duo, simu waliyoitoa wenyewe mwaka 2020, ilitumia Android. Kwa maoni yangu walichelewa tu kukubali kuwa wapangaji kwenye nyumba ya mtu mwingine, na mpangaji huyu sasa anakusanya malipo ya mwezi hata kwa watu ambao hawakuwahi kuigusa Lumia.

Mkazi wa Area D

Ndugu zangu, nimemsomea mpwa wangu michango hii jana usiku, neno kwa neno. Hoja ya mtumishi wa Mtumba ameiandika pembeni, anasema atairudia. Iliyomshika zaidi ni ile ya daftari la mahudhurio. Alikuwa ameshaanza kuandika programu ya Android kwa wakulima wote, na hakuwahi kujiuliza mkulima wa Hombolo anashika simu gani anapokuwa shambani.

Asubuhi hii amepanda gari la Hombolo. Nimempa daftari na kumwagiza kwamba kila mkulima atakayekutana naye amwulize mambo matatu, aina ya simu, idadi ya laini, na nani nyumbani huisoma simu hiyo jioni. Msanidi, akikuruhusu aje akuone Jumamosi na daftari lake, nitashukuru.

Msanidi, mhitimu wa UDOM

Aje, mkuu. Amwambie pia kila mkulima ampigie palepale, ili ajue mtandao unashika upande gani wa shamba.