Msiba wa mzee wa kazini Sydney, familia wanataka mchango uende taasisi ya utafiti, naombeni mnieleweshe

Mtanga_Ughaibuni
Wakuu habari zenu. Niko huku Sydney mwaka wa sita sasa, wiki iliyopita tumempoteza mzee mmoja wa kazini, mzee wa watu kabisa, ndo alinipokea saiti siku ya kwanza nikiwa sijui hata kushika drili. Alikuwa seremala, ujana wake wote alikata zile bodi za simenti wanazoita fibro, kumbe ndani zina asbesto, zile nyuzi za madini ambazo vumbi lake likivutwa linaharibu mapafu. Alinisimulia walikuwa wanakata kwa msumeno vumbi linawajaa mpaka nyusi nyeupe na hakuna aliyewaambia kitu. Ikapita miaka arobaini na ushee akaanza kubanwa pumzi, maji yakajaa upande mmoja wa kifua, kupimwa wakamwambia mesotelioma, saratani ya ule utando unaofunika mapafu. Miezi kumi na moja tu akaondoka.

Sasa tangazo la mazishi limesema maua msilete, mwenye chochote atume kwenye taasisi ya utafiti wa magonjwa ya asbesto iliyoko Concord, hapahapa Sydney. Kwetu rambirambi unampa mfiwa mkononi. Naona nikituma kwa watu nisiowajua ni kama nimemkwepa yule mama, mjane wake. Halafu nchi tajiri hivi serikali hailipii utafiti mpaka watu wachange msibani? Anayeijua anisaidie, mazishi Alhamisi.

NesiMwajuma
Pole sana mdogo wangu. Mimi ni nesi hukuhuku. Hiyo ilianza ikiitwa Asbestos Diseases Research Institute, siku hizi ni Asbestos and Dust Diseases Research Institute, haifanyi biashara, imefunguliwa Januari 2009 ndani ya eneo la hospitali ya Concord na jengo lake linaitwa Bernie Banton Centre. Huyo Banton alikuwa mfanyakazi wa kawaida tu wa kiwanda cha James Hardie, kampuni iliyokuwa inatengeneza bidhaa za asbesto, pale Camellia, mapafu yakaharibika, na kampuni mwaka 2001 ikahamishia makao yake Uholanzi ikaacha mfuko wa fidia ambao hela yake haitoshi. Yeye na vyama vya wafanyakazi wakapambana, anaingia kwenye vikao na mipira ya oksijeni puani, mpaka kampuni ikakubali kulipa. Akafariki Novemba 2007, jengo hakuliona.

Kuhusu serikali, hela inatoa lakini inagawanywa. Saratani ya matiti wanagundulika watu kama 20,000 kwa mwaka hapa Australia, mesotelioma ni mia sita mia saba hivi. Sasa kampuni gani ya dawa itakimbilia mia saba? Ndo maana utafiti wa saratani hizi adimu za kifua unabebwa na wafiwa wenyewe.

Mzee_wa_Hoja
Mimi huwa siamini taasisi za michango, nauliza kwa nia njema kabisa, toka 2009 wamepata dawa?

NesiMwajuma
Swali la haki kaka. Dawa ya kuponya hapana, na atakayekwambia ipo anakudanganya. Ila wale watafiti wa Concord waliona kuna kimolekuli fulani, maikroRNA 16, kwenye seli za mesotelioma kimepungua sana, wakakirudisha maabara uvimbe ukakua polepole. Wakatafuta namna ya kukifikisha mwilini, wakakipakia ndani ya vijiseli vya bakteria visivyozaliana, wakawapa wagonjwa 26 ambao matibabu ya kawaida yalishashindwa. Majibu yalitoka 2017, kati ya 22 waliopigwa picha tena mmoja uvimbe ulipungua, 15 ukatulia, sita ukaendelea. Wengine wataona ni kidogo, mimi niliyekaa na hawa wagonjwa usiku wakishindwa kulala chali naona ni kikubwa. Kumbuka toka 2004 tulikuwa na kemotherapia ileile tu, mpaka 2020 ndo Marekani ikaruhusu zile dawa mbili za kuamsha kinga, zikasogeza wastani wa kuishi kutoka miezi 14 hivi kwenda 18. Miezi minne ya mtu na wajukuu zake.

Mwl_wa_Kilosa
Samahani natoka kidogo nje ya mada, shuleni kwetu paa ni hizo asbesto za zamani na juzi fundi kapanda anatoboa apitishe waya, watoto wako darasani chini. Nimesoma huu uzi nimeogopa.

NesiMwajuma
Mwalimu msimamishe leo. Paa likiwa zima halina shida kubwa, shida ni kukata, kutoboa, kuvunja na kusugua, ndo vumbi linapotoka. Watoto watoke hapo, na lile vumbi msifagie makavu, lowanisheni kwanza kisha mfute kwa matambara mabichi, mfunge kwenye nailoni. Kwa kulibomoa kabisa waulizeni watu wa mazingira wa wilaya, msimwachie fundi wa mtaani.

Mtanga_Ughaibuni
Dada asante mno. Nimempigia mama mwenyewe, nikamwambia kwetu tunakuja na chakula, akalia akasema njoo nacho. Akaniambia mzee alishasaini kipande cha uvimbe wake kibaki kwa watafiti, alisema kama yeye vumbi limemmaliza basi wamwangalie vizuri wajue limefanyaje. Kwahiyo bahasha nimeigawa mara mbili, nusu nimetuma Concord, nusu ni pilau la Alhamisi.