Mjadala: Elimu bila malipo inaamua kura ya mzazi huku Nyanda za Juu Kusini?

Mleta mada, Mbeya mjini
Wakuu, tujadili bila matusi. Kila uchaguzi ukikaribia tunaambiwa mzazi hawezi kumnyima kura aliyemfutia ada. Mimi nabisha.

Mwaka 2010 Dk. Slaa wa Chadema alinadi elimu bure, CCM wakasema haiwezekani. 2015 Lowassa, naye kwa Chadema, akaibeba tena, hadi chuo kikuu, na safari hii CCM nao wakaiweka kwenye ilani, mpaka kidato cha nne. Magufuli akashinda, na Januari 2016 ada ikafutwa kweli. Sasa tazameni majimbo yetu. Mbeya Mjini alipita Sugu na Iringa Mjini Msigwa, 2010 na 2015, wote Chadema. Mwaka 2015 ahadi ya ada ilikuwa pande zote mbili, kwa hiyo haikumtenganisha mtu na mwenzake.

2020 majimbo yote mawili yakaenda CCM. Mtaniambia hiyo ndiyo shukrani ya wazazi. Lakini mwaka ule upinzani ulipoteza karibu kila jimbo nchi nzima na ukayakataa matokeo, kwa hiyo kuisoma shukrani ya mzazi humo ndani ni kazi. Oktoba 2025 Chadema hata kwenye karatasi ya kura haikuwamo. Mzazi angemlinganisha nani na nani?

Mama wa wawili, Uyole
Kaka, unaongea kama mtu asiyenunua sare. Ada ya sekondari ya kutwa ilikuwa 20,000 kwa mwaka. Kufutwa kwake kulisaidia, sitakuwa mnafiki. Ila ukipokea ile fomu ya kujiunga kidato cha kwanza kaa chini kwanza: rimu ya karatasi, jembe, ndoo, fagio la chelewa, madaftari makubwa, halafu mchango wa chakula. Kwa shule ya msingi ruzuku ya serikali ni 10,000 kwa mtoto kwa mwaka mzima, na si yote inayofika shuleni. Mwalimu mkuu wa watu afanyeje?

Ndiyo maana mimi suala la watoto silipeleki kwa rais. Nalimalizia kwenye serikali za mitaa. Yule aliyesimama kikaoni akauliza mahindi tuliyochanga mwaka jana yameliwa na nani, huyo ndiye ninayemjua.

Muuza mbao, Makambako
Nakubaliana na dada, naongeza moja. Mzazi hasukumwi sana na anachopewa, anasukumwa na anachonyang'anywa. Mnakumbuka Toto Afya Kadi, ile kadi ya bima ya mtoto? Shilingi 50,400 kwa mwaka, mtoto anatibiwa. 2023 NHIF, mfuko wa taifa wa bima ya afya, wakasitisha uandikishaji wa mtoto mmoja mmoja, wakisema wazazi wanasubiri mtoto augue ndipo wamkatie kadi. Kihesabu walikuwa na hoja. Lakini kijiweni kwetu wanaume ambao hawajawahi kuzungumzia kliniki walizungumzia ile kadi wiki nzima. Ada ilipofutwa sikusikia kelele kama zile.

Mhudumu wa afya, Iringa
Kamwene. Naomba niwatoe kwenye ada kidogo. Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2022 ulikuta watoto wa chini ya miaka mitano wenye udumavu, yaani wafupi kuliko umri wao, Iringa ni asilimia 56.9, Njombe asilimia 50.4. Nchi nzima ni 30. Sisi ndio tunaolisha watu wa Dar! Sijawahi kumsikia mpiga kura akimuuliza mgombea swali la udumavu, na najua kwa nini. Mtoto aliyedumaa haumwi. Ana kimo sawa na wa jirani, maana naye kadumaa, anacheza, mama anaona kila kitu kiko sawa.

Njooni kijijini msimu wa kupalilia. Mama katoka alfajiri, mtoto wa mwaka mmoja kaachiwa dada yake wa miaka saba na kikombe cha uji mweupe wa sembe. Atakula tena jioni. Sheria inatoa likizo ya uzazi siku 84, baba siku tatu, kwa mwajiriwa. Huyu wa shamba la viazi amwombe nani likizo? Mgombea akija na kituo cha kulelea watoto kila kijiji, mimi kura yangu anayo, na hakuna aliyewahi kuja nacho.

Mkulima, Makete
Mhudumu umesema kweli, ila kwetu sera ya familia ni mbolea. Tangu msimu wa 2022/23 mfuko wa kilo 50 ulipoteremshwa kwa ruzuku hadi 70,000, nyumba nyingi zimepumua. Hapo CCM wana kura zao halali, mleta mada usizibeze.

Mama wa wawili, Uyole
Mzee wangu, shikamoo. Mbolea ya ruzuku unaweka, viazi unavuna, halafu mnunuzi anakuja na rumbesa, gunia la kujaza kupita kiasi, na gunia lako moja na nusu linahesabiwa moja. Sare ya mtoto inatoka wapi hapo? Diwani akipita huku kuomba kura, swali langu la kwanza ni mizani.