Mrejesho: Corolla 110 iliyokuwa inachemka

Wakuu, niliwauliza kuhusu Corolla 110 inayochemka kila nikipanda mlima wa Bugando, wengi mkasema gasketi ya hedi (inayoziba kati ya hedi na bloku ya injini) imekufa, nishushe injini. Sijashusha. Dalili zake sikuziona: oili ilikuwa safi, haina rangi ya chai ya maziwa, na nilipowasha injini ikiwa ya baridi, rejeta wazi, maji hayakutoa mapovu.

Aliyesema nianze na mfuniko wa rejeta, asante sana. Mpira umepasuka, springi imelegea. Mwanza tuko zaidi ya mita 1,130 juu ya usawa wa bahari, maji ya wazi huchemka kwenye nyuzi 96 hivi. Mfuniko usipobana presha, yanatoka mapema. Feni nayo nikaipa moto wa betri moja kwa moja, ikazunguka. Kumbe tatizo ni rilei, swichi ya umeme inayoiwasha.

Themostati (vali inayofungulia maji yaende kwenye rejeta injini ikipata moto) nimeirudisha, ingawa fundi wa mtaani aliapa kwamba nchi za joto haina kazi. Niliichemsha kwenye sufuria, ikafunguka vizuri (sufuria nimelipa, mama watoto hakutaka kuelewa).

Sasa napanda na abiria wanne mchana, mshale wa joto hauvuki katikati. Imebaki oili inayovuja kwenye kava ya tapeti (mfuniko wa juu ya injini), naianza Jumamosi.