Naomba ushauri: wanamgambo wawili wa jina moja, Kentucky

Wakuu, naomba msaada. Namtafuta mlowezi wa Kentucky aliyepigana vita vya uhuru wa Marekani, ila majalada ya pensheni yana wanaume wawili wenye jina lake. Moja lina herufi S, aliomba askari mwenyewe. Lingine R, lilikataliwa. Sheria ya pensheni ya 1832 ilitaka utumishi wa angalau miezi 6, na wanamgambo wengi hawakuufikisha, hivyo R haimaanishi alidanganya. Kentucky ilikuwa sehemu ya Virginia hadi 1792, kwa hiyo natazama kumbukumbu za Virginia kwanza. Za Wizara ya Vita ziliungua 1800. Sasa, nianze kulinganisha jina la kapteni wake lililo kwenye kiapo cha maombi ya pensheni, au orodha za kodi na hati za ardhi?