Kuku anachovywa kwenye maji ya kinyesi sokoni halafu tunaambiwa "pikeni vizuri". HAPANA!

Wakuu habari zenu. Hili jambo limenikaa rohoni muda, leo naliweka hapa, na mtanisamehe nikiandika kwa hasira maana hasira ninazo kweli.

Mtu akila kuku akaharisha au akatapika jibu ni lile lile miaka yote, pikeni vizuri, oseni mikono, chemsheni maji. Lawama inaanzia jikoni kwa mama na inaishia hapo hapo jikoni kwa mama. Hakuna anayejisumbua kuuliza huyo kuku alipita wapi kabla hajafika kwenye sufuria. Mimi nasema bakteria tunauziwa, tunawalipia hela yetu pamoja na nyama, na kuna watu wanalipwa mshahara kuzuia hilo lisitokee.

Mtoto wa dada angu katoka wodini juzi. Alianza kuhara, choo kikawa na damu, homa haishuki, hospitali ya kwanza wakasema taifodi kama kawaida yao, dozi ikaisha hakuna nafuu, tukamhamisha, daktari huko akaagiza choo kikaoteshwe maabara ndo majibu yakaja ni bakteria anaitwa salmonela. Na siyo ile ya taifodi, ile inatoka kwa binadamu mwenzako, hii ni jamii yake inayoishi kwenye matumbo ya kuku na mifugo mingine. Daktari akatueleza kwamba kwa mtoto mdogo, hasa mwenye malaria au aliyedhoofika kwa lishe, hawa wadudu wanaweza kuvuka utumbo wakaingia kwenye damu na hapo ni kupigania roho. Swali lake la kwanza kwa dada lilikuwa kuku mnanunua wapi.

Nikaenda pale dada anaponunuaga, soko nisilitaje jina maana ukienda soko jingine ni yale yale. Nikasimama upande wa wachinjaji nikaangalia kazi inavyoenda.

Kuna pipa moja la maji ya moto juu ya kuni. Kuku anachinjwa, hajamaliza hata kutapatapa anatupwa humo pipani alainike manyoya, na kuku akiingia kwenye maji ya moto anaachia choo, hiyo ni kawaida yake. Anafuata mwingine, na mwingine, maji ni yale yale toka alfajiri. Nilipofika mimi yalikuwa yameshakuwa mazito rangi ya chai ya maziwa, juu kuna povu, manyoya na vipande vya kinyesi vinaelea. Na yale maji hayachemki, yakichemka ngozi inachunika na mteja hataki, kwahiyo joto linatosha kulainisha manyoya tu ila wadudu wengi wanabaki hai. Kutoka hapo anaingia kwenye mashine ya kunyonyolea, lile pipa lenye vidole vya raba vinavyozunguka, na wale kuku wote wanapigwa na vidole vile vile, kama mmoja alikuwa na salmonela basi wenzake wote wameshapakwa. Halafu meza ya mbao, tumbo linapasuliwa, utumbo ukikatika kinyesi kinamwagika juu ya minofu na firigisi, kuku anazamishwa kwenye ndoo mara moja anatolewa, eti kaoshwa. Ndoo yenyewe nayo ina maji ya kuku wote waliotangulia. Baada ya hapo anapangwa kwenye deli au mezani bila barafu, jua la Dar mnalijua wenyewe, anasubiri mteja wa jioni.

Bakteria kama E. coli akipata joto na chakula kinachomfaa anajigawa mara mbili kila dakika 20 hivi. Mmoja wa saa 2 asubuhi ikifika saa 9 alasiri ukoo wake umepita milioni 2. Sasa pale haanzi mmoja.

Nikamuuliza dogo mmoja mchinjaji kwanini habadilishi maji. Akanijibu "Broo maji nanunua kwa dumu mfukoni kwangu, kuku mmoja napata mia kadhaa tu, nikibadilisha kila saa narudi nyumbani na nini?" Na ana haki, simlaumu hata kidogo. Bomba la soko lipo ila halitoi maji, karo la kumwagia uchafu limeziba. Ila nikiwa nimesimama hapo hapo akapita mtu wa ushuru na mashine yake ya POS, akakata risiti kwa kila mchinjaji, akaondoka. Ushuru kila siku ya Mungu, maji hakuna!! Jamani hiyo hela inaenda wapi kama haiwezi hata kuleta bomba moja linalotiririka mahali nchi inapopata kitoweo? Afisa afya hakuwepo, mkaguzi hakuwepo. Ng'ombe angalau anagongwa mhuri, kuku anapita tu, huyu ndo tunamla kila siku kwenye chipsi kuku.

Sasa hii "pika vizuri". Sipingi kupika, kuku akifika nyuzi 74 mpaka ndani ya mnofu salmonela anakufa. Lakini yule mdudu kabla ya kufika kwenye moto ameshapita kwenye mikono, kwenye kisu, kwenye kibao ambacho dakika tano baadaye kinakatiwa kachumbari, na kachumbari haipikwi. Uingereza wanawaambia watu wao msioshe kuku mbichi kabisa maana maji yanarusha wadudu jikoni kote. Ushauri mzuri, lakini utamwambiaje mama wa Kitanzania asioshe kuku ambaye kauziwa na kinyesi kinaonekana kwa macho? Na hao Waingereza hawakuishia kwenye ushauri, kati ya 2014 na 2015 wakapima kuku wabichi madukani mwaka mzima, wakakuta asilimia 73 wana kampilobakta, bakteria mwingine wa kuharisha, wakatangaza hadharani na wakataja supamaketi kwa majina. Majina yakatoka, makampuni yakalazimika kujieleza.

Marekani 1993 walipata janga la E. coli O157:H7, ile aina hatari ya E. coli, kwenye baga za migahawa ya Jack in the Box, zaidi ya watu 700 wakaugua, watoto wanne wakafa. Wenye viwanda vya nyama nao walikuwa na wimbo huo huo, watu wapike mpaka iive. Mwaka 1994 serikali ikakataa, ikasema mdudu huyu akikutwa kwenye nyama ya kusaga basi hiyo nyama ni chakula kichafu kisheria na haiuzwi, basi. Wenye viwanda wakaenda mahakamani wakashindwa.

Na Afrika Kusini 2017 hadi 2018, bakteria anaitwa listeria kwenye poloni, ile soseji nene ya kukata vipande, wagonjwa 1,060, waliokufa 216, wakiwemo vichanga wengi waliozaliwa na mama walioambukizwa. Poloni unakula hivyo hivyo, hakuna cha pika vizuri hapo, na listeria hata kwenye friji anaendelea kuzaliana. Walimpataje? Watoto wa kituo kimoja cha kulelea Soweto waliugua, wapelelezi wa afya wakaenda mpaka kwenye friji la kile kituo, wakachukua poloni, wakafuata nyayo mpaka kiwandani Polokwane, na tarehe 4 Machi 2018 waziri wa afya wa huko wakati huo, Motsoaledi, akasimama mbele ya taifa akataja kiwanda. Hapa kwetu nani kafuata nyayo za kuku wa mtoto wetu? Tumepewa cheti cha kutoka wodini, yakaisha.

Na kitu kingine kinaniuma, dawa ya kwanza ya yule mtoto haikufanya kazi kabisa. Wafugaji wa broila humu mnajijua, mnatia antibayotiki kwenye maji ya kuku kama mnatia chumvi na mnauza bila kusubiri siku za dawa kutoka mwilini. Acheni. Wadudu mnaowazoesha dawa ndo hao wanaletwa wodini.

Kama kuna mtu humu yupo halmashauri yoyote, idara ya afya au mifugo, naomba ajibu bila kunizungusha. Kwenye soko lako wachinja kuku wana maji ya bomba yanayotiririka au hawana? Na kama hawana, ushuru wa wachinjaji mwaka huu mmekusanya shilingi ngapi na umefanya nini? Wengine piga picha pipa la soko lako weka hapa chini, usimwoneshe kijana sura yake, onesha maji.