Mafundi, acheni kuzima ukuta wa moto kwenye mashine za wateja!

Wakuu, hili sasa limepitiliza. Mtu anapeleka mashine kupigwa Windows, inarudi ukuta wa moto (firewall, kinga inayochuja kinachoingia na kutoka kwenye mashine kupitia mtandao) umezimwa kote, kwenye profaili zote tatu, Domain (mtandao wa ofisi), Private (wa nyumbani) na Public (wa hadharani), na juu yake imewekwa programu ya ulinzi ya kraki, yaani ya kulipia iliyovunjwa leseni. Kraki haikubali kuingia mpaka ulinzi uzimwe. Fundi anazima, anamaliza, anachukua hela yake, hawashi tena. Huo ni uzembe, na anayekuja kulia ni mteja.

Windows XP ilitoka ukuta wake ukiwa umezimwa. Agosti 2003 mnyoo wa Blaster, programu hasidi inayojisambaza yenyewe, ukapitia poti 135 (mlango wa mashine kwenye mtandao) bila mwenye mashine kubofya chochote. Agosti 2004, kwenye SP2 (sasisho kubwa la XP), Microsoft wakauwasha kwa kila mtu. Mei 2017 WannaCry, programu hasidi inayofunga mafaili na kudai hela, ikasambaa kwa poti 445, na kiraka cha kuziba tundu hilo kilikuwepo tangu Machi! Halafu leo fundi anakwambia "ruta inatosha". Ruta inazuia wa nje. Haimzuii mwenzako wa hosteli aliye kwenye Wi-Fi ileile na mashine yake imejaa vairasi.

Kisingizio kingine ni printa. Printa ya mtandao haionekani kwa sababu Wi-Fi ya nyumbani imewekwa Public. Dawa ni kufungua Settings, kuingia kwenye Wi-Fi yako, Properties, kuchagua Private. Nusu dakika. Ukiwa mgahawani iache Public. Na kuna wanaokwenda mbali zaidi, wanaua mpssvc, huduma yenyewe inayoendesha ukuta, "kupunguza mzigo wa RAM". Microsoft wenyewe wanakataza: menyu ya Start inaweza kugoma, na programu za Store zikakataa kuingia au kusasishwa.

Sasa kuchagua ukuta. Ukuta wa Windows unazuia vizuri kinachoingia, hauhitaji kubadilishwa kwa hilo. Udhaifu wake ni kinachotoka: kwa kawaida unaruhusu kila kitu, ndiyo maana bando la GB 1 linaisha hujafungua hata video. Unaweza kufungua wf.msc (dirisha la mipangilio ya ukuta), Properties, ukaweka Outbound (kinachotoka) kuwa Block (zuia) kwa kila profaili, lakini jiandae: haukuulizi wala haukwambii umezuia nini. Kivinjari kinakufa kimya kimya mpaka ukiandikie kanuni ya kuruhusu TCP 80 na 443, poti za kurasa za mtandao.

Kwa hiyo tafuta programu inayopanda juu ya injini ya Windows yenyewe, isiyoleta draiva yake (programu ndogo inayojipachika ndani ya Windows). TinyWall ni ya bure na haikusumbui kwa vidirisha. Unaiteua programu, inaruhusiwa. Ila ile hali yake ya kujifunza yenyewe usiiwashe kwenye mashine usiyoiamini, maana itairuhusu hata vairasi. Anayetaka kuulizwa kila mara achukue Windows Firewall Control, ambayo Malwarebytes waliinunua 2018, nayo ni bure. Mnayo ya bure, mnakimbilia kraki ya nini?

Zile programu kubwa zenye draiva zao ndizo zinazotesa watu. Leseni inaisha, mtu anaifuta, intaneti inakata kabisa. Anaambiwa kadi ya mtandao imekufa, anunue nyingine! Andika ncpa.cpl kwenye Run (inafungua orodha ya miunganisho ya mtandao), bofya kulia kwenye Wi-Fi, Properties. Kwenye ile orodha utaona jina la programu uliyokwisha kuifuta, bado imeng'ang'ania. Liteue, bonyeza Uninstall, washa mashine upya. Likigoma, tumia zana ya kufutia ya kampuni iliyoitengeneza. Na usiweke mbili za namna hii kwa pamoja, zitagombana na hutajua ipi imezuia nini.

Kabla ya kugusa kanuni yoyote, fungua cmd (dirisha la kuandikia amri) kama admin, hifadhi zilizopo:

netsh advfirewall export "D:\ukuta.wfw"

Ukiharibu, unazirudisha kwa import badala ya export. Kwa mashine iliyovurugwa kabisa kuna netsh advfirewall reset, ila hiyo inafuta kanuni zote ulizoongeza.

Nawe mteja, usilipe kabla hujaandika hii kwenye cmd pale pale dukani:

netsh advfirewall show allprofiles state

Lazima zitoke ON tatu. Ikitokea OFF hata moja, mrudishie fundi mashine aiwashe mbele yako.