Shule ya binti yangu imeiachia programu ihukumu wanafunzi, na hakuna anayekubali kuwajibika

Ndugu wanajamvi, na hasa wazazi wenzangu na walimu mlioko Kigoma,

Ninaandika uzi huu nikiwa na hasira, na sioni sababu ya kuificha. Binti yangu yuko kidato cha tatu katika shule ya sekondari ya bweni, ya binafsi, hapa Manispaa ya Kigoma Ujiji. Muhula huu amepewa sifuri katika kazi mradi ya Jiografia na kuitwa mbele ya kamati ya nidhamu, nami mama yake nimeandikiwa barua ya onyo isiyofika nusu ukurasa, inayosema kwamba mfumo wa shule umebaini kuwa asilimia 81 ya kazi hiyo iliandikwa na akili mnemba (AI), yaani programu ya kompyuta inayotunga maandishi kama binadamu. Barua haitaji ni mfumo gani, haisemi ni mwalimu gani aliyeisoma kazi yenyewe, wala haielezi mzazi asiyeridhika akate rufaa wapi.

Kazi hiyo ilihusu kusitishwa kwa uvuvi katika Ziwa Tanganyika kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15 mwaka 2024, na namna hatua hiyo ilivyowagusa akina mama wanaoanika dagaa. Aliiandika wakati wa likizo, kwa mkono, baada ya kuwahoji wanawake wa Kibirizi na Katonga, na daftari lake lina majina yao, bei walizouzia kabla na baada ya ziwa kufungwa, na mistari mingi iliyokatwa na kuandikwa upya. Nililichukua daftari hilo nikaenda nalo shuleni. Mwalimu wa taaluma hakulifungua. Alinigeuzia kompyuta yake nione sehemu zilizopakwa rangi nyekundu, akasema, "Mama, mfumo ndio unaosema hivyo, sisi hatuwezi kuupinga." Nilipokwenda kwa mkuu wa shule, aliniambia kuwa suala la alama ni la taaluma. Meneja akasema mfumo ulichaguliwa na mmiliki, na kwamba kama nina shaka na usahihi wake niwaulize waliouza. Mjumbe mmoja wa bodi ya shule, ambaye ni jirani yetu, alinieleza waziwazi kuwa suala la mfumo huo halijawahi kuletwa katika kikao chochote alichohudhuria.

Kwa hiyo mtoto ameadhibiwa, na katika uongozi mzima wa shule hakuna mtu anayekubali kwamba ndiye aliyetoa uamuzi. Hilo ndilo linaloniuma kuliko sifuri yenyewe.

Litazameni jambo hili kando ya adhabu ya viboko. Kanuni za mwaka 2002 zinataka viboko visizidi vinne, vitolewe na mkuu wa shule au mwalimu aliyekasimiwa naye kwa maandishi, na kila adhabu iandikwe katika daftari maalumu. Mtu anaweza kuzikubali au kuzikataa kanuni hizo (mimi ningependa kiboko kiondoke kabisa shuleni), lakini angalau zinamlazimisha mtu mzima mmoja kulitolea maelezo tendo lake. Sifuri hii haina daftari wala saini ya mtu yeyote, ilhali inaingia katika alama za tathmini endelevu, ambazo ni 30 kati ya 100 katika matokeo ya kidato cha nne. Alama ya kiboko hufutika mwilini. Hii itamfuata binti yangu hadi kwenye cheti.

Kuhusu usahihi wa programu hizi, taarifa zimekuwa wazi kwa muda mrefu, na uongozi ungeweza kuzisoma kabla ya kulipa hata shilingi moja. OpenAI, kampuni iliyotengeneza ChatGPT, ilitoa Januari 2023 chombo chake cha kutambua maandishi ya mashine. Kwa takwimu zake yenyewe, chombo hicho kilitambua asilimia 26 tu ya maandishi ya mashine, na asilimia 9 ya maandishi ya binadamu kikayaita ya mashine. Ilipofika Julai mwaka huohuo kampuni ikakiondoa kwa sababu ya usahihi mdogo. Mwaka huohuo pia, watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walizipima programu saba za namna hiyo kwa insha za watu ambao Kiingereza si lugha yao ya kwanza, wakakuta kuwa kwa wastani zaidi ya nusu ya insha hizo zilihesabiwa kuwa kazi ya mashine. Sababu inaeleweka: programu hizi hupima jinsi maneno yanavyotabirika, na mtu anayeandika kwa lugha ya kujifunza darasani hutumia msamiati mdogo na miundo ileile aliyofundishwa. Sasa mfikirieni mtoto wa Kigoma, anayeongea Kiha na bibi yake, Kiswahili na kila mtu mwingine, na Kiingereza darasani tu. Shule imenunua kipimo kilicho chepesi kumshuku mtoto wa aina hii, kisha ikakifanya kuwa hakimu wake wa mwisho.

Halafu kuna sheria, ambayo nina hakika hakuna aliyeifungua kabla ya mfumo kununuliwa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inaziweka taarifa za watoto katika kundi la taarifa nyeti, na kwa kawaida taarifa nyeti hazichakatwi bila ridhaa ya maandishi. Sheria hiyohiyo inampa mtu haki ya kutaka kwamba uamuzi unaomwathiri kwa kiasi kikubwa usitokane na uchakataji wa kiotomatiki peke yake. Mimi sijawahi kuombwa ridhaa. Fomu ya kujiunga niliyosaini ilitaja godoro, ndoo, sare na reki. Haikutaja kuwa kazi za mwanangu, pamoja na jina lake na namba yake, zitapakiwa katika mtandao wa kampuni ambayo hadi leo sijaambiwa ofisi zake ziko nchi gani. Nilichoona ni mstari mpya tu katika ankara ya ada: shilingi 25,000 kwa muhula, "huduma za kidijitali". Tulilipa kama tunavyolipa kila kitu, kwa sababu mtoto asiyelipiwa hurudishwa nyumbani.

Kinachonikera zaidi ni kwamba shule yenyewe inaitumia teknolojia hiyohiyo bila kumwambia mtu. Ripoti ya maendeleo ya muhula uliopita ilimsifu binti yangu kwa mchango wake katika klabu ya roboti. Shule hiyo haina klabu ya roboti. Nilipoilinganisha na ripoti ya mtoto wa mzazi mwenzangu, wa mkondo mwingine, nilikuta aya nzima ya maoni ya mwalimu wa darasa ni ileile, koma kwa koma, klabu ya roboti ikiwamo. Mwalimu ambaye hakuandika maoni yake mwenyewe hakuitwa mbele ya kamati yoyote, wakati mtoto aliyeandika kazi yake mwenyewe ameitwa.

Sisemi akili mnemba ifukuzwe shuleni. Mwalimu mwenye mikondo minne ya kusahihisha anastahili msaada, na mwanafunzi wa leo atakutana na vyombo hivi popote atakapokwenda kazini au chuoni. Ninachodai ni utaratibu ulioandikwa, uliopita kwenye bodi na kusomwa mbele ya wazazi, unaosema mwanafunzi anaruhusiwa kutumia nini na katika kazi ipi, mwalimu anaruhusiwa nini, taarifa za watoto zinakwenda wapi na zinafutwa lini. Alama ya programu isitoshe kumtia mtoto hatiani. Mwalimu wa somo akae na mwanafunzi, amuulize maswali kuhusu kazi yake, aangalie daftari la rasimu, kisha aandike uamuzi na jina lake chini yake. Kumhoji binti yangu kuhusu wanawake wale wa Kibirizi kusingechukua dakika kumi, na mwalimu yeyote wa Jiografia angejua ukweli kabla ya dakika ya tano.

Nimeshawasilisha barua kwa mwenyekiti wa bodi, na nakala nimeipeleka kwa wathibiti ubora wa shule. Nimeomba sifuri hiyo isimamishwe hadi mwalimu wa somo atakapolisoma daftari, na nimeomba nakala ya mkataba kati ya shule na waliouza mfumo. Nisipojibiwa kabla ya shule kufungwa, malalamiko yatakwenda kwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Mzazi yeyote wa Kigoma aliyepokea barua yenye maneno kama ya kwangu naomba anitumie ujumbe humu tuziwasilishe pamoja, na mwalimu ambaye shule yake ina utaratibu ulioandikwa, hata wa ukurasa mmoja, auweke hapa ili niwapelekee bodi kama mfano.